Mafuta ya Ziwa Albert yakifika Tanga, dizeli ya Moshi itashuka bei?

Msomaji wa Moshi, mwenye malori mawili yanayopandisha saruji kutoka Tanga na kushusha mazao, ameniandikia maswali matatu kwa mpigo. Anataka kujua kama bei ya dizeli huku Kaskazini itashuka pindi mafuta ya Uganda yatakapotiririka kwa bomba kutoka Hoima hadi Tanga. Anauliza mikoa ya Kilimanjaro na Arusha inapata nini ikiwa bomba lenyewe halipiti kwetu. Na mwisho anaomba ushauri, kwa sababu rafiki yake anamshawishi akope benki anunue tenka ili “awahi mzigo wa bomba”.

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na majibu mafupi ili usome yanayofuata ukiwa umeshajua ninakoelekea. Bei ya dizeli Moshi haitashuka kwa sababu ya bomba hilo, wala kuishusha hakukuwahi kuwa kusudio la mradi. Faida kwa Kaskazini ipo, lakini inapita katika kazi na huduma, haipiti katika pampu ya sheli, na sehemu yake kubwa ina muda wake maalumu. Suala la tenka nitaliweka mwishoni, kwa kuwa hesabu yake inategemea hayo mawili ya kwanza.

Mafuta tunayozungumzia yapo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, chini na kandokando ya Ziwa Albert, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenyeji waliyaona yakivuja juu ya ardhi tangu zamani, na mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni, E. J. Wayland, aliandika habari za mivujo hiyo katika miaka ya 1920, lakini ugunduzi wenye maana ya kibiashara ulikuja mwaka 2006, pale visima vya Mputa na Waraga vilipotoa mafuta na eneo la Kingfisher likafuatia. Makadirio yanayotumiwa na serikali ya Uganda ni kwamba chini kuna mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni takribani bilioni 1.4. Tofauti hiyo huwashangaza wengi, wengine wakahisi kuna kinachofichwa. Hakuna. Mafuta hayajakaa katika dimbwi moja chini ya ardhi. Yamejibana katika vitundu vidogo mno vya mchanga na mwamba, na hata yakisukumwa kwa maji yanayoingizwa kwa shinikizo, sehemu kubwa hubaki imenata humohumo.

Uchimbaji umegawanywa katika miradi miwili. Tilenga, inayosimamiwa na TotalEnergies ya Ufaransa, iko upande wa kaskazini wa ziwa, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, na baadhi ya vituo vyake vya visima vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Ina zaidi ya visima 400 vilivyopangwa kuchimbwa. Kingfisher, inayosimamiwa na CNOOC ya China, iko kwenye ukanda mwembamba wa Buhuka, kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na maji, na visima vyake huanzia nchi kavu kisha hupindishwa na kuingia chini ya ziwa, ili pasiwepo mtambo wowote juu ya maji yenyewe. Miradi hiyo ikifikia kilele, Tilenga inatarajiwa kutoa mapipa 190,000 kwa siku na Kingfisher mapipa 40,000, jumla 230,000.

Sasa lipime pipa hilo kwa mizani ya dunia. Ghawar ya Saudi Arabia, eneo kubwa kuliko yote ya mafuta ya kawaida, lililogunduliwa mwaka 1948 na lenye urefu wa kilomita zipatazo 280, lilitangazwa na Aramco, kampuni ya mafuta ya nchi hiyo, mwaka 2019 kuwa na uwezo wa kutoa mapipa milioni 3.8 kwa siku. Kwa maneno mengine, kazi ya siku moja ya Ghawar ni kazi ya zaidi ya wiki mbili ya Ziwa Albert. Dunia nzima hutumia takribani mapipa milioni 100 kwa siku, hivyo mchango wa Uganda utakuwa chini ya robo ya asilimia moja. Kwa Uganda hilo ni jambo kubwa kweli, lakini kwa soko linalopanga bei ya mafuta ni kitu ambacho madalali wa London na Singapore hawatakihisi. Bei haitatikisika kwa sababu ya Hoima, na bei hiyo ya dunia ndiyo inayokufikia Moshi.

Hata hivyo, hoja ya ukubwa siyo yenye nguvu zaidi. Yenye nguvu zaidi ni hii: kitakachofika Tanga si dizeli. Ni mafuta ghafi, yaani yasiyosafishwa, tena ya aina ngumu. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi kiasi kwamba yakipoa huganda. Mtu wa Moshi au Arusha anayejua jinsi chupa ya mafuta ya nazi inavyokuwa asubuhi ya mwezi wa saba ataelewa mara moja. Ndiyo maana bomba zima linalazimika kutunzwa katika joto lisilopungua nyuzi 50 za Selsiasi, kutoka Kabaale, Hoima, hadi rasi ya Chongoleani, Tanga, umbali wa kilomita 1,443, ambao kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Bomba lenyewe ni la chuma, kipenyo cha inchi 24. Katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kila kipande huvalishwa koti nene la povu gumu la kuzuia joto lisitoke, juu yake ganda la plastiki nyeusi, na waya wa umeme wa kupasha joto huandamana na bomba njia nzima. Vipande vina urefu wa mita 18 hivi, kwa hiyo ukigawanya utaona kwamba Sojo ilikuwa na kazi ya kuvisha vipande vinavyokaribia 80,000, ambavyo viliingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Tabora. Kumbuka hapo neno “kusafirishwa”, nitalirudia.

Chongoleani kuna matangi manne, kila moja la mapipa 500,000. Bomba likijaa kwa kiwango kilichopangwa cha mapipa 216,000 kwa siku, matangi hayo yote yanajaa kwa siku tisa tu, hivyo meli lazima zije kwa mfululizo, zipakie ghafi, ziondoke kwenda kwenye viwanda vya kusafishia vya nje. Tanga hakuna kiwanda cha kusafisha. Tanzania nzima hakuna kinachofanya kazi: TIPER ya Kigamboni, iliyofunguliwa mwaka 1966, iliacha kusafisha mwaka 1999 na leo ni ghala la mafuta. Kiwanda cha Mombasa nacho kilisimama mwaka 2013. Kwa hiyo mpangilio utakaouona pale Tanga, na usikushangaze, ni huu: upande mmoja wa ghuba meli itakuwa ikipakia ghafi la Uganda, na upande mwingine meli nyingine itakuwa ikishusha dizeli iliyosafishwa Uarabuni au India, na ni hii ya pili itakayoingia kwenye malori yako. Mifumo hiyo miwili haina bomba linaloiunganisha.

Bei yako inajengwaje, basi? Tanzania huagiza mafuta yaliyosafishwa kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja, unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA, kupitia bandari tatu za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikoa yetu ya Kaskazini huwekewa bei inayotokana na shehena iliyopokelewa Tanga. Ndani ya bei hiyo kuna bei ya bidhaa sokoni Uarabuni, gharama ya meli na bima, gharama za bandari, kodi na tozo za serikali, faida ya muagizaji, nauli ya kutoka ghala la Tanga hadi kituoni, na faida ya mwenye sheli. Kwa kuwa bidhaa, meli na bima hulipwa kwa dola, shilingi ikiteleza nawe unateleza. Chukua tangazo la mwezi wowote uliangalie kwa makini: shika bei ya Tanga mjini, teremka hadi mstari wa Moshi, kisha Arusha, kisha Karatu, kisha Loliondo. Kinachoongezeka mstari hadi mstari ni nauli, basi. Hakuna mstari wa mafuta ghafi ya Hoima katika jedwali hilo, na bomba likianza kazi bado hautakuwepo.

Kama bado una shaka kwamba nchi inaweza kuuza ghafi kwa wingi na bado ikahangaika kupata petroli, itazame Nigeria. Kisima chake cha kwanza cha kibiashara kilipatikana Oloibiri mwaka 1956, na nchi hiyo imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta ghafi barani kwa miongo mingi. Kwa sehemu kubwa ya muda huo viwanda vyake vya kusafisha vilikuwa vimelala, ikaagiza petroli kutoka nje, serikali ikalipa ruzuku hadi ilipoiondoa Mei 2023, na bei ikapaa. Kilichoanza kubadili hali si kisima kipya. Ni kiwanda cha Dangote, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilichoanza kuzalisha mwaka 2024. Na hata hapo, ghafi linaloingia kiwandani hupigiwa hesabu kwa bei ya dunia.

Uganda nayo imepanga kujenga kiwanda chake pale Kabaale, cha mapipa 60,000 kwa siku, na mwezi Machi 2025 kampuni yake ya taifa ya mafuta, UNOC, ilitia saini makubaliano na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu, ambapo mwekezaji huyo anachukua asilimia 60 na Uganda 40. Kikijengwa kitakuwa na maana kubwa kwa Kampala, kwa Kongo Mashariki, na pengine kwa Kagera. Kwa Moshi, ambako Tanga ni mwendo wa siku moja ya lori, sioni dizeli ya Hoima ikishindana na ya meli. Nauli peke yake itaizamisha kabla haijavuka Ziwa Victoria.

Hapo tumemaliza habari ya pampu. Swali lako la pili ni gumu zaidi kwa sababu “kunufaika” kunasemwa kwa namna nyingi, na wanasiasa wa nchi zote mbili wamelisema kwa namna zote.

Tuanze na fedha ya njia. Kila pipa linalopita litatozwa dola 12.77, karibu senti nane za dola kwa lita. Ukizidisha kwa mapipa 216,000 na siku 365 unapata zaidi kidogo ya dola bilioni moja kwa mwaka, na nimewahi kusikia watu wazima wakiutaja mkupuo huo kana kwamba utaingia Hazina ya Dodoma. Hautaingia. Ni mapato ya kampuni ya bomba, EACOP, ambayo wanahisa wake ni TotalEnergies kwa asilimia 62, UNOC asilimia 15, TPDC, shirika letu la taifa la mafuta, asilimia 15, na CNOOC asilimia 8. Kabla ya gawio kuna gharama za uendeshaji, umeme wa kupasha joto na kusukuma, na madeni ya ujenzi. Madeni hayo si haba: kampuni na serikali zilitangaza uamuzi wa mwisho wa uwekezaji Februari 1, 2022, benki nyingi kubwa za Magharibi zikajitenga na mradi kutokana na shinikizo la wanaharakati wa mazingira, na fungu la kwanza la mikopo ya nje lilitangazwa Machi 2025 tu, likihusisha benki za Afrika kama Afreximbank na Standard Bank. Maana yake ni kwamba ujenzi ulibebwa kwa muda mrefu na mitaji ya wanahisa wenyewe, TPDC ikiwemo. Nami naona ni afya zaidi Mtanzania akiitazama hisa ile kama uwekezaji wa muda mrefu wenye hatari zake, kuliko kuiita zawadi.

Kwa upande wa Uganda fedha zina njia nyingine. Mrabaha, yaani malipo ya serikali kutokana na mafuta yanayochimbwa, na mgao wa serikali huingia katika Mfuko wa Petroli ulioundwa kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015, ambayo pia inatenga asilimia 6 ya mrabaha kwa serikali za mitaa za maeneo yenye mafuta. Uganda ilionja utamu na uchungu wa fedha hizi kabla ya pipa la kwanza: mwaka 2010 kampuni ya Heritage ilipouza sehemu yake ya maeneo hayo ya mafuta kwa kampuni ya Tullow kwa dola bilioni 1.45, serikali ilidai kodi ya dola milioni 434 hivi, na mzozo huo ukapelekwa hadi mbele ya wasuluhishi na mahakama za London. Tullow yenyewe iliuza kila kitu kwa Total mwaka 2020 kwa dola milioni 575. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya utajiri wa mafuta hutengenezwa mezani, kwa mikataba na kodi, na nchi yenye wanasheria na wahasibu hodari hupata zaidi kwa pipa lilelile.

Kisha kuna jambo ambalo halizungumzwi huku kwetu, na wewe wa Moshi, mji wa kahawa, linakuhusu. Uganda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa Afrika. Dola za mafuta zikiingia kwa wingi, shilingi yao inaweza kupanda thamani, na mkulima wa kahawa anayelipwa kwa bei ya dunia atajikuta akipokea shilingi chache kwa kilo ileile, huku vibarua wake wakimkimbia kwenda kwenye kambi za mafuta zinazolipa vizuri. Nigeria ilipitia njia hiyo katika miaka ya 1970, karanga na kakao vikadorora mafuta yalipochukua usukani. Kwa nchi jirani isiyo na mafuta, hali kama hiyo hufungua soko: mchele, vitunguu, maharage na mahindi ya upande wetu huwa nafuu kwa mnunuzi wa Kampala kuliko ya kwake. Sisemi itatokea lazima, kwa kuwa Benki Kuu ya Uganda inalijua tatizo hilo na Mfuko wa Petroli uliundwa kwa sehemu kulikabili. Lakini kama mfanyabiashara wa mazao anayetazama miaka kumi mbele, ningelifuatilia hili kuliko bei ya pampu.

Sasa tuje Kaskazini yenyewe. Nchini Tanzania bomba linapita mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Katika ukanda wetu, Manyara na Tanga tu ndiyo zenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba. Vijiji vya mkuza vilipata fidia ya ardhi na mazao, vikapata malalamiko ya ucheleweshaji wa fidia hiyo, vikapata barabara za kambi na vibarua kwa kipindi. Arusha ilipata kesi. Asasi za kiraia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwezi Novemba 2020 kupinga mradi kwa hoja za mazingira na haki za watu, na Novemba 2023 Divisheni ya Awali, ngazi ya kwanza ya mahakama hiyo, ikalitupa kwa kuwa lilifunguliwa nje ya muda wa miezi miwili unaotakiwa na Mkataba wa Jumuiya, bila kuingia katika hoja zenyewe. Bila kujali uko upande gani, ni vema kujua kwamba mlango huo wa kisheria uliofungwa uko hapa hapa mjini Arusha.

Faida halisi ya Kaskazini imekuwa ya yule aliyejitafutia. Kanuni za mwaka 2017 za ushirikishwaji wa Watanzania katika shughuli za petroli zinawataka wakandarasi wawape kipaumbele wazawa, na EWURA ina kanzidata ya watoa huduma ambamo kampuni ya usafirishaji, chakula, ulinzi, magari ya kukodi au vifaa vya usalama hujisajili. Wapo watu wa Arusha na Moshi waliopeleka magari yao yaliyozoea watalii kwenda kubeba wahandisi, na wapishi wa kambi za mlimani walioenda kupikia kambi za bomba. Wapo pia waliongoja kuitwa.

Hapa ndipo ninapopenda kutaja mji wa Stavanger, Norway. Mwaka 1969 liligunduliwa eneo la mafuta la Ekofisk katikati ya Bahari ya Kaskazini, na likaanza kuzalisha mwaka 1971. Karibu na pwani ya Norway kuna mfereji wa kina kirefu chini ya bahari ambao kwa teknolojia ya wakati ule haukuweza kuvukwa, hivyo mafuta ya Ekofisk yalielekezwa kwa bomba hadi Teesside, Uingereza, na gesi yake hadi Emden, Ujerumani. Pipa la Norway lilitua ugenini. Lakini Stavanger, mji uliokuwa ukiishi kwa kusindika dagaa, uligeuka kuwa makao makuu ya mafuta ya nchi, kwa sababu mwaka 1972 Bunge liliweka pale kampuni ya taifa ya Statoil na idara ya usimamizi wa petroli, na karakana za meli, mafundi wa kuchomelea, wazamiaji na wahandisi wakakusanyika kuzizunguka. Mji ulitajirika kwa kuhudumia mafuta ambayo haukuyaona.

Tofauti ni mbili, na sizifichi. Ekofisk ni eneo lililoendelea kuzalisha kwa zaidi ya miaka hamsini na lilifuatwa na mengine mengi, ilhali mapipa bilioni 1.4 ya Ziwa Albert yakitolewa kwa kasi ya kilele ni ya miaka chini ya kumi na saba. Kwa kuwa uzalishaji hushuka polepole baada ya kilele, tuseme robo karne. Pili, visima vya baharini vinahitaji watu na meli kila siku, ilhali bomba lililofukiwa likishawashwa linahitaji watu wachache sana: wahudumu wa vituo vya kusukumia, ambavyo vinne viko Tanzania, walinzi wa mkuza, mafundi wa umeme na wa kuzuia kutu, na wafanyakazi wa matangi na gati pale Chongoleani. Maelfu waliochimba mitaro huondoka. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba faida kubwa ina muda wake. Kijana wa Chuo cha Ufundi Arusha anayesomea umeme au mitambo ana nafasi katika kundi hilo dogo la kudumu, na ningemshauri alenge huko badala ya vibarua vya ujenzi.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kugusa bei yako ya dizeli kweli, nalo halina uhusiano na Uganda. Ni bandari ya Tanga na reli. Bandari imechimbwa kina hadi takribani mita 13 na kujengewa gati la mita 450, baada ya miaka mingi ya meli kutia nanga mbali na shehena kuhamishwa kwa matishari. Reli ya zamani ya Tanga hadi Moshi ilianza tena kubeba mizigo mwaka 2019, na ikafika Arusha mwaka 2020. Meli kubwa zaidi za mafuta zikiweza kushusha Tanga mara kwa mara, maghala yakiongezeka, na mabehewa ya matangi yakipandisha dizeli hadi Moshi, ile nauli uliyoiona ikiongezeka kwenye jedwali ndiyo itakayopungua. Shilingi chache kwa lita, lakini ni za kweli.

Na hiyo inatuleta kwenye tenka yako. Rafiki yako amechanganya mambo mawili. Ghafi la Chongoleani halitabebwa na lori hata moja: linatoka bombani, linaingia tangini, linapakiwa melini, na likipoa njiani litaganda ndani ya tenka lako. “Mzigo wa bomba” uliokuwepo ulikuwa wa kubeba bomba lenyewe, vipande vile vya mita 18 kutoka bandarini kwenda Nzega na kutoka Nzega kwenda kwenye mkuza, na kazi hiyo ni ya matrela marefu ya bapa, si ya matenka. Tena ni ya kipindi cha ujenzi. Anayeingia leo anakuta karamu inaondolewa mezani.

Tenka la dizeli na petroli kutoka Tanga kuja Moshi na Arusha ni biashara halali na ipo, lakini ipigie hesabu yake yenyewe: kampuni ngapi za mafuta zitakupa mkataba wa maandishi, masharti yao ya bima na ukaguzi wa matangi ni yapi, utatembea mizunguko mingapi kwa mwezi ukitoa siku za kusubiri ghalani, na kumbuka kwamba behewa la reli ndilo mshindani wako wa kesho. Tena tenka hurudi Tanga tupu, wakati malori yako ya sasa yanapanda na saruji na kushuka na mazao. Kwa maelezo uliyonipa, sioni sababu ya kuchukua mkopo huo wa benki. Ukitaka kushika sehemu ya fedha ya mafuta kwa gharama ndogo, jisajili kwenye kanzidata ya EWURA na malori hayohayo mawili, ukiwa na leseni, bima na hesabu za kodi zilizonyooka, kisha wafuate wakandarasi wa matengenezo walioko Tanga na Manyara na kuwauliza wanahitaji kubebewa nini.